Boksi limeletwa dukani kwa jina lako, hukuagiza kitu, na boda anataka elfu 38. Watu wa Mwanza tuongee

#1 Jiwe la Bismarck

Wakuu, mwangaluka.

Kuna mchezo unatembea hapa mjini na watu wanausimulia kama kichekesho cha kijiweni, wakati ni kazi ya watu, wanaamka asubuhi kwenda kuifanya.

Jirani yangu wa duka, Igoma, alikwenda msibani Magu. Dukani akamwacha binti anayemsaidia. Mchana akaja boda na boksi limezungushiwa solotepu ya kahawia, juu limeandikwa kwa kalamu nene majina mawili ya mama mwenye duka, sahihi kabisa, na namba yake ya simu. Mzigo wa mama umetoka Dar, umeshuka Nyegezi stendi, unadaiwa elfu 38, usafiri humohumo. Binti anapiga simu, mama yuko makaburini, hapokei. Boda ana haraka. Hapohapo kwenye simu ya dukani unaingia ujumbe wa namba ngeni: "Simu yangu haina chaji natumia ya wifi, lipia huo mzigo ntakupa jioni." Binti akatoa kwenye droo.

Boksi lilipofunguliwa: soksi za mtoto pea mbili, mche nusu wa sabuni, na magazeti yaliyokunjwa mpaka likawa na uzito wa kueleweka.

Tumezoea kuambiana kwamba tapeli humnasa mwenye tamaa. Hapa tamaa iko wapi? Binti hakutafuta faida, alimsitiri bosi wake. Ndivyo tunavyoishi: jirani akiletewa mzigo hayupo unamlipia, shemeji akiletewa gunia la mkaa unalipokea, mtakatana baadaye. Hawa wameona kwamba kuna hela nyingi kwenye huo wema kuliko kwenye tamaa, na wamehamia huko.

Wanapata wapi jina? Namba ya simu kwetu siyo siri. Iko kwenye bango la duka. Iko kwenye orodha ya michango ya harusi inayorushwa kila siku kwenye kundi la WhatsApp, na viwango vyenu. Iko chini ya picha za magauni Instagram, ambako watu wanaandika wenyewe "bei gani, nipigie 07…". Ukishakuwa na namba, jina ni la bure. Unaanza kutuma hela kwenda namba hiyo, kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha majina yaliyosajiliwa. Unasitisha, unaondoka na jina. Kitu kilichowekwa ili tusikosee kutuma hela ndicho kinachowapa la kuandika juu ya boksi.

Na kiasi kimepimwa. Kwa elfu 38 hufungi duka kwenda kituo cha polisi. Unatukana, unacheka, kesho unafungua duka.

Nani mwingine limemfikia?

#2 Kijana wa Mabatini

Nimetandika mkeka hapa. Mwenye karanga alete.

#3 Sangara Mzee

Mleta uzi, hii chai ina sukari nyingi. Tapeli alijuaje mama hayupo? Namba ya dukani kaipata wapi? Mwambie jirani yako amkalishe huyo binti vizuri, asije akawa yeye ndiye aliyeandika boksi.

#4 Jiwe la Bismarck

Mzee wangu Sangara, namba ya dukani imepakwa rangi ukutani, tarakimu zina urefu wa mkono, hata aliye kwenye daladala anaisoma. Kuhusu kujua, wala hakuhitaji kujua. Mama angekuwepo, angesema "sijaagiza", boda angerudi na boksi, soksi zingekwenda kwa mwingine. Wanabahatisha maduka kumi, mawili yakiingia wamekula. Huo ujumbe wa "natumia ya wifi" nao unatumwa na yuleyule aliye kwenye simu na boda, akishasikia kwamba mwenye duka hapatikani.

Umemgeukia binti haraka sana. Ndilo jambo la kwanza mama mwenyewe alilofanya, na binti alilia siku nzima. Watu wa karibu wanaanza kushukiana, na aliyeandika boksi yuko mahali anakunywa soda.

#5 Mama Dagaa Mwaloni

Habari zenu wanangu. Mimi niko Mwaloni pale Kirumba, natuma mizigo ya dagaa kwa mabasi tangu sijawa na simu ya kupangusa. Ngoja niwaeleze mzigo wa basi unavyokwenda, maana naona vijana mnaandika "umeshuka Nyegezi" kama vile mzigo unashuka wenyewe na kuanza kutafuta mtu.

Natuma gunia kwenda Dar. Ofisini wanaandika jina la mpokeaji na namba yake, nalipa usafiri palepale, napewa risiti, naipiga picha namrushia mteja. Kule yeye ndiye anayekwenda ofisini na kitambulisho, anataja jina, anaoneshwa mzigo, anasaini. Wakati mwingine usafiri unalipwa na mpokeaji, hiyo ipo. Lakini basi halidai bei ya bidhaa! Basi linajua kilo, halijui umenunua shilingi ngapi. Kwa hiyo mtu akija mlangoni anasema "mzigo wa basi, toa elfu 38 ya mzigo", hapohapo ameshajichanganya. Muulize ofisi ya basi gani, risiti namba ngapi, umwambie utakwenda mwenyewe kuuchukua. Mzigo wa kweli unakusubiri. Wa uongo una haraka kuliko mwenyewe.

Kwangu walikuja na jina la mwanangu wa mwisho, yuko chuo. Nikamwambia yule kijana, karibu mwanangu, weka boksi hapo kwenye kivuli, akirudi likizo atakulipa. Akaniangalia. Nikamuuliza, unataka chai? Akapakia boksi lake akaondoka.

#6 Kijana wa Mabatini

Mama Dagaa 😂😂 akirudi likizo! Mayu, wabheja sana.

#7 Boda wa Nyegezi

Naomba na mimi niseme, maana tangu juu naona mnatupiga mawe.

Mimi ni boda. Sikilizeni hii kazi inavyotufikia. Mtu anakuja kijiweni, kofia, barakoa, ana boksi mkononi. Au hata haji, anampa dogo alete. Anasema, peleka Igoma duka fulani, pokea 38, toa 6 yako, 32 nitumie kwenye namba hii. Nyegezi mpaka Igoma kwa elfu 6 ni kichwa kizuri. Na usione ajabu kwamba nakubali: maduka ya kweli ya hapa mjini yanatutuma hivyohivyo kila siku, mtu wa vitenge, mtu wa simu, mtu wa keki. Mimi ndani ya boksi sioni. Nikiomba kufungua, wa kweli ananuna anatafuta boda mwingine.

Halafu nikifika, huyo tajiri wa boksi yuko hewani ananiendesha: umefika? nani yupo? mama hayupo? subiri kidogo. Ukikaa ukifikiria, unagundua kwamba ni wewe uliyempa habari zote.

Mwenzetu mmoja alizuiwa Buhongwa. Alishatuma ile hela, boksi likafunguliwa mbele yake likakutwa na nguo kuukuu, watu wakamzingira. Pikipiki ikashikiliwa mpaka viongozi wa kituo wakafika kumsemea. Pikipiki yenyewe ya mkataba, hesabu ya bosi siku hiyo ikalala, na waliolipa wakataka awarudishie yeye kutoka mfukoni. Tapeli hajawahi kukaa kwenye hicho kikao.

#8 Sangara Mzee

Haya maelezo yanaeleweka, ila nina swali moja. Ulimtumia 32 kwa simu. Kwa hiyo namba yake unayo, na jina lilitokea. Mbona hamuwakamati?

#9 Boda wa Nyegezi

Jina lilitokea, Mzee, la mama mmoja ambaye hata ukimpata utakuta ni bibi wa watu kijijini anapalilia mihogo. Laini ilisajiliwa kwa kidole chake siku alipokwenda kusajili ya kwake, akaambiwa "bibi, weka tena, haijasoma".

#10 Wakala wa Buzuruga

Boda kagusa penyewe. Hilo la "weka tena kidole" limeacha laini nyingi mtaani zenye majina ya watu wasiozijua. Kila mmoja hapa apige *106# sasa hivi, aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA kwenye mtandao anaotumia. Una laini za mitandao miwili, piga kwa kila moja. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho chako, ikataliwe. Usiiache, kwa sababu siku boksi likimfikia mtu mbaya, jina litakalotajwa polisi ni lako.

Mimi niko kwenye kibanda, naona upande wa pili wa mchezo. Wa elfu 38 hawaji kwangu sana, hao wanalipa taslimu. Wanaokuja kwangu ni wale ambao boksi lenyewe halipo. Anaingia mtu simu iko sikioni, anaongea kwa adabu, "ndiyo afande, ndiyo mkuu, niko kwa wakala." Nikimuuliza unatuma kwa nani ananikatalia kwa mkono. Ameambiwa kuna kifurushi chake kimekwama, alipe "ada ya kukitoa" kabla ya saa kumi, la sivyo kinarudishwa. Siku hizi nina dawa moja tu: nasema mtandao unasumbua, kaa hapo dakika kumi. Robo yao, akili inarudi wakiwa wamekaa. Wengine wananitukana, wanakwenda kibanda cha mbele.

Na kuna wa tarakimu sita. Huyu haombi hela kabisa, ndiyo maana anaaminika. Anapiga: "Tuna kifurushi chako, ili tukukabidhi kuna namba ya uthibitisho imeingia kwenye simu yako, nisomee." Kweli imeingia. Ila ukiusoma ule ujumbe vizuri, ni WhatsApp inayokutumia namba ya kufungulia akaunti yako kwenye simu nyingine, na imeandika kabisa usimpe mtu. Ukimsomea, umemkabidhi WhatsApp. Nusu saa haiishi ndugu zako wote wameombwa "nisaidie laki moja mpaka kesho", na wanatuma, kwa sababu ni picha yako na mazungumzo yenu. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri. Hata wakiipata ile ya tarakimu sita, watakwama hapo.

#11 Kaka wa Bwiru

Wakala, hao wa kifurushi kilichokwama wamekula sana ukoo wetu. Shangazi yangu yuko Sengerema, mjane, alipata rafiki Facebook, mhandisi wa melini, picha amevaa kofia ya njano. Miezi wanaandikiana. Ghafla kamtumia sanduku: simu, mkufu, na dola ndani. Kisha anapiga "afisa forodha" mwenye Kiswahili cha hapahapa, sanduku limeonekana kwenye mashine lina fedha, alipie kibali. Akilipa kibali, kuna bima. Akilipa bima, kuna faini ya kuchelewa kulipa kibali. Na zote zinakwenda kwenye namba ya mtu, Airtel Money.

Nilimwambia kitu kimoja tu kikamwingia. Shangazi, ukilipa kodi ya kiwanja unapewa nini? Akasema kontrol namba. Basi, forodha ni TRA, na TRA ni serikali, na malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, siyo kwa simu ya afisa. Akanyamaza. Yule mhandisi tukamzuia. Shangazi bado anamlilia, lakini hamtumii hela.

#12 Mzawa wa Nansio

Nawasalimu kutoka ughaibuni, mzawa wa Ukerewe, nipo Marekani miaka mingi kidogo. Huku mchezo umegeuka kichwa chini miguu juu: kifurushi kinakuja kweli, kwa posta, hakidaiwi hata senti, na hukuagiza.

Mwaka 2020, katikati ya korona, watu wa huku walianza kupokea vibahasha vyenye mihuri ya China, nje pameandikwa hereni au pete, ndani kuna mbegu. Ilienea nchi nzima, majimbo yote 50 yakatoa tahadhari. Watu wakasema ni silaha. Wizara ya Kilimo ikakusanya ikapima, mwisho wa Julai ikataja aina 14 walizokwisha kuzitambua: kabichi, haradali, mnanaa, rozimari, waridi na mengine ya namna hiyo. Maelezo yao yakawa kwamba hakuna dalili ya zaidi ya ujanja wa kibiashara. Muuzaji wa mtandaoni anataka bidhaa yake ionekane imenunuliwa na kusifiwa. Mfumo wa soko haumruhusu kuweka sifa ya "mnunuzi aliyethibitishwa" mpaka kuwe na oda na mzigo uliofika kwa mtu halisi. Basi anajinunulia mwenyewe kwa jina lako, anakutumia kitu cha bei ya chini kabisa, mfumo unasoma "umefika", kisha anajiandikia nyota tano kwa jina lako. Septemba mwaka huohuo Amazon ilizuia mbegu za kutoka nje kuuzwa kwa wateja wa Marekani.

Hapa kuna kipande ambacho wengi hawakisimulii. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja alifuatilia waliopokea, akakuta baadhi yao walikuwa wameagiza mbegu kweli miezi ya nyuma walipofungiwa ndani, mzigo ukachelewa, wakasahau. Kwa hiyo kabla hujapiga kelele, fungua oda zako za zamani uangalie.

Mwaka 2025 imekuja ya namna nyingine. Mwishoni mwa Julai FBI walitangaza kwamba kuna vifurushi vinatumwa bila jina la mtumaji, ndani kuna kikaratasi chenye kile kimraba cha QR, "skani ujue nani kakutumia zawadi". Ukiskani unapelekwa kwenye ukurasa wa kukuomba taarifa za benki, au simu inapakua kitu kibaya. Wanachokitegemea ni kimoja tu: nani atakaa na zawadi bila kutaka kujua aliyeileta?

#13 Kijana wa Mabatini

Kwa hiyo huko unapewa mzigo bure na unalalamika. Leteni Mabatini, sisi tutaandika nyota wenyewe.

#14 Mkulima wa Misungwi

Kijana unacheka, lakini mimi ya mbegu imenishtua kuliko ya elfu 38.

Nimelima karibu na Ukiriguru maisha yangu yote, pale watafiti wanapanda mbegu kwa daftari. Mbegu isiyojulikana imetoka wapi haiwekwi kwenye udongo. Sisi watu wa ziwa tunapaswa kulijua hilo bila kufundishwa na Marekani. Magugu maji yale mnayoyaona na maua ya zambarau siyo ya hapa, kwao ni Amerika Kusini, yalisambazwa duniani na watu waliopenda ua zuri kwenye bwawa. Ziwani kwetu yakaonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 mialo ilikuwa imefungwa, mtumbwi hautoki, samaki hawauziki. Waliletwa wadudu wa kuyala, fukusi wadogo, yakapungua. Na bado kila baada ya muda yanarudi, waliokuwa wanavuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 wanajua nazungumzia nini.

Kwa hiyo mtu akiletewa bahasha ya mbegu asiyoijua, hata kama ni bure, hata kama picha yake ni nzuri: asipande, asitupe jalalani wala chooni. Aiache imefungwa aipeleke kwa afisa kilimo wa kata, au ofisi za TPHPA, ndiyo mamlaka ya afya ya mimea.

#15 Duka Kiganjani

Samahanini, naomba niwe upande usiopendwa.

Mimi nauza viatu na mikoba mtandaoni, niko hapahapa Mwanza, mzigo nachukua Kariakoo. Uzi wenu ukisambaa wateja wangu wataniua. Mnaongelea mzigo usioagizwa, mimi nina mizigo iliyoagizwa, ikabembelezewa bei usiku kucha, boda anafika Buswelu mteja kazima simu. Nauli ya kwenda nalipa mimi, ya kurudi nalipa mimi. Kuna dada alipokea viatu, akavivaa harusini, Jumatatu akarudisha "havijanitosha", soli ina mchanga. Sisi nani atatufungulia uzi?

Halafu hii ya "usimlipe boda" mkiisema hivyo tu bila maelezo mnaua biashara ambayo imetushika mkono wengi tusio na fremu mjini.

Mimi nimeipanga hivi, na inatembea. Mzigo hautoki kabla mteja hajaongea na mimi kwa sauti siku hiyohiyo. Nampiga picha boda na boksi, namtumia mteja. Boda hashiki hela ya bidhaa, anashika nauli yake peke yake. Boda akifika, mteja anafungua, anaangalia, akiridhika analipa kwenye lipa namba yangu yenye jina la biashara, mimi nikiona imeingia namwambia boda ondoka. Kwa hiyo hata boda akidakwa hana hela ya mtu, na hana cha kutuma kwa mtu.

#16 Mama Dagaa Mwaloni

Mwanangu wa viatu, utaratibu ni mzuri, nakupongeza. Lakini usiwaaminishe watu kwamba lipa namba ni kinga. Tapeli naye anaweza kuwa nayo, na ikatokea jina zuri kabisa la duka. Kinga yako ni hilo la kufungua kwanza.

#17 Duka Kiganjani

Ni kweli mama, nimekubali. Kufungua kwanza ndiyo kila kitu. Ila kufungua, siyo kuvaa mpaka harusini.

#18 Capri Point

Nimeusoma wote, niongeze upande wa sheria kwa ufupi kwa sababu watu wananiuliza inboksi kama wanadaiwa.

Hudaiwi. Mkataba kwa Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, unahitaji mmoja atoe pendekezo na mwingine alikubali. Mtu kukuletea boksi na wewe kukaa kimya si kukubali. Uingereza na Marekani wamekwenda mbali zaidi, sheria zao zinasema wazi kwamba bidhaa ambayo mfanyabiashara amekutumia bila kuiomba unaweza kubaki nayo kama zawadi. Ushauri wangu kwa hapa kwetu ni tofauti kidogo: usiutumie huo mzigo, usiufungue peke yako, na usiukubali kama unadaiwa. Ukiwa umeachiwa, hifadhi na boksi lake, kwa sababu mwandiko, solotepu na lebo ni ushahidi.

Aliyekwishalipa: kupata hela kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kama ilipita kwenye simu na mitandao kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nenda kituoni uchukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, hata kama ni elfu 38. Elfu 38 moja haina uzito, lakini RB ishirini zenye namba moja ya simu zina uzito. Ule ujumbe wa tapeli upeleke 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili hiyo, halafu fuata maelekezo utakayojibiwa. Kama ulituma kwa simu, piga 100 ya mtandao wako papo hapo. Ikiwa haijatolewa, kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa, imekwenda.

Na kwa wenye vikundi: orodha za michango zenye majina na namba ni taarifa binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kampuni inayoachia daftari la wateja wake lizagae inaweza kulalamikiwa huko. Kundi la harusi sitegemei mtalishitaki, ila mweka hazina anaweza kuandika jina na kiasi bila namba ya simu. Hakuna sherehe itakayoharibika.

#19 Jiwe la Bismarck

Capri Point ubarikiwe. Mrejesho: mama mwenye duka, jirani yangu, alikwenda kuchukua RB baada ya kuusoma uzi huu, binti wakaenda naye. Hela haijarudi na sidhani kama itarudi. Pale kaunta afande aliwauliza kama boksi wanalo. Wanalo, soksi tu ndizo zimeshavaliwa na mjukuu.

Dukani ameweka utaratibu wake. Mzigo wowote unaoletwa yeye hayupo, hata uwe wa bure, unasubiri binti asikie sauti ya mama mwenyewe, siyo ujumbe. Na ameongeza lingine lililonifurahisha: binti akikataa mzigo ambao kumbe ulikuwa wa kweli, halaumiwi. Bila hilo la pili, la kwanza lisingefanya kazi, kwa sababu binti wa dukani anaogopa kugombezwa kuliko anavyomwogopa tapeli.

#20 Sangara Mzee

Mpe binti salamu zangu. Mwambie mzee mmoja wa mtandaoni anasema pole.

#21 Boda wa Nyegezi

Kijiweni kwetu na sisi tumekubaliana. Mwenye boksi tunampiga picha na kitambulisho chake, na mpokeaji tunampigia mbele yake kabla pikipiki haijawashwa. Jana alikuja mmoja, akasema usimpigie, ni sapraizi ya mke wangu. Tukamwacha na sapraizi yake.

Dada Duka Kiganjani, huo utaratibu wako wa boda kutoshika hela ya bidhaa naupenda. Una boda wa kudumu?

#22 Duka Kiganjani

Ninaye ila kahamia bajaji. Njoo inboksi. Kesho nina miwili ya Buswelu na mmoja wa Nyamhongolo. Wa Nyamhongolo mbishi, anataka apime pea zote tatu achague moja.

#23 Boda wa Nyegezi

Apime. Dakika kumi ni za kwangu, zikizidi mwambie kabisa kuna elfu moja ya kusubiri.